Fuvu la Olduvai na chanzo cha maarifa

Mhariri,

Wanaobishana juu ya uumbaji na mageuko husahau kwamba tofauti yao kubwa haihusu mifupa, bali kile ambacho kila upande unakikubali kuwa ushahidi. Muumini wa uumbaji huanza na neno lililofunuliwa, lisilosubiri kuthibitishwa na mchimbaji. Mwanasayansi huanza na kilichofukuliwa, naye hulazimika kubadili kauli kingine kikitokea. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu mwenye magego mapana, lilipopatikana Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1959, lilidhaniwa kuwa la mchonga zana za mawe zilizokuwa pale, lakini mwaka 1964 sifa hiyo ikahamishiwa kwa Homo habilis, kiumbe mwingine wa kale wa ukoo huohuo. Wapo wanaoyaita marekebisho hayo udhaifu. Mimi, ninayesali kila Jumapili, naona ndiyo uaminifu wenyewe, na huniuma mwanafunzi anapotakiwa kuchagua upande kabla hajaeleweshwa kila upande unajuaje unachokijua.

Msomaji wako,
Karatu