Nyuzi bapa si za jazi peke yake

Mhariri,

Mwezi uliopita niliingia katika duka moja la ala za muziki katikati ya jiji nikiulizia nyuzi bapa za gitaa la besi, na muuzaji, kijana mpole mwenye kuijua kazi yake, akanijibu: "Mzee, hizo ni za jazi na za kanisani. Kama unapiga roki, chukua hizi zingine." Sikubishana naye. Hata hivyo, jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno hapa Nairobi, tena kutoka kwa wapigaji ninaowaheshimu, hata nikaona niombe nafasi katika ukurasa wako nilipinge.

Kwa msomaji asiyeshika gitaa, uzi wa besi ni kiini cha chuma kilichozungushiwa waya mwingine. Waya huo ukiwa wa mviringo, uzi huwa na matuta madogo yanayohisika kidoleni, nao hulia kwa ukali. Ukiwa utepe bapa, uzi huteleza, sauti huwa nene, na ule mkwaruzo wa vidole vinapohama hausikiki. Kampuni ya Fender ya Marekani ilipotoa besi yake ya Precision mwaka 1951, nyuzi bapa ndizo zilizokuwa za kawaida, na sehemu kubwa ya roki ya mwanzo ilirekodiwa kwa nyuzi hizo. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1966, John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya roki ya The Who, aliposhirikiana na kampuni ya Rotosound ya Uingereza kutafuta nyuzi za mviringo zitakazoipa besi yake ukali aliouhitaji. Yeye alikuwa na sababu, kwa maana besi yake ilifanya kazi ya gitaa la kuongoza. Waliomfuata wengi waliichukua sauti bila ya sababu.

Anayedhani kwamba nyuzi bapa ni za muziki wa kubembeleza na amsikilize Steve Harris, mwasisi na mpiga besi wa bendi ya Iron Maiden, ambaye hupiga roki nzito kwa nyuzi bapa, na Rotosound hiyo hiyo humtengenezea seti yenye jina lake, ya unene wa kuanzia 0.050 hadi 0.110 ya inchi. Hatumii piki, kile kijipande cha kuchokolea nyuzi; huzipiga kwa ncha za vidole kwa nguvu kiasi kwamba zinagonga freti, vile vyuma vilivyolala shingoni mwa gitaa, na kulia kama kwato za farasi. Ukali huo unatoka mkononi mwake.

Tatizo ninalolisikia katika kumbi zetu ni jingine. Bendi ya roki ya Nairobi aghalabu huwa na magitaa mawili yenye sauti ya kukwaruza, mpiga ngoma asiyeyahurumia matoazi, na mwimbaji anayepigania pumzi katikati yao. Wote hao wanagombea sauti za juu. Mpiga besi mwenye nyuzi mpya za mviringo huingia katika ugomvi huo huo, asisikike, aongeze sauti, wapiga magitaa nao waongeze, na mwishowe lawama zote zinamwangukia fundi mitambo. Sisi tuliishi hivyo kwa miaka mitatu. Binamu yangu aliponiletea seti ya nyuzi bapa kutoka London, mazoezi ya kwanza tu mpiga ngoma wetu alisimama akauliza nimefanya nini, kwa sababu kwa mara ya kwanza ngoma yake ya mguu na besi yangu zilikuwa zikitua pamoja. Nilikuwa nimeondoka katika ugomvi wa juu na kurudi chini, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Sisemi kwamba zinafaa kila mahali. Anayezigonga nyuzi kwa kidole gumba kutafuta mlio mkali atazichukia. Wimbo utakaosikilizwa kwenye simu nao una shida yake, kwani uzi mnene wa besi ukiachwa wazi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haifiki huko. Huko besi hutambulika kwa sauti zake za juu, ambazo nyuzi bapa zinazo chache. (Katika matatu, bila shaka, hali ni kinyume kabisa.) Seti nzito pia huvuta shingo ya gitaa zaidi; mimi nilizifunga bila kurekebisha chuma kilicho ndani ya shingo kuinyoosha, shingo ikapinda kama upinde, nikamlipa fundi kwa ujinga wangu.

Kuhusu bei, ni kweli kwamba seti moja inaweza kufika mara mbili ya bei ya zile za mviringo. Lakini nyuzi za mviringo hunasa jasho na uchafu katika matuta yake na kupoteza ukali baada ya wiki chache, ilhali James Jamerson, yule mpiga besi wa Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, aliziacha nyuzi zake bapa hadi zikatike. Zangu zina miaka minne sasa, na freti zangu hazijalika.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo: wafunge seti moja ya nyuzi bapa kwenye besi ya maonyesho, waiunganishe na amplifaya yenye sauti ya kukwaruza, kisha wamwachie mteja aijaribu mwenyewe kabla ya kumwambia ni za muziki gani.

Mpiga besi,
South B, Nairobi