Kuskimu pekee hakutengenezi hedi ya Datsun

Mhariri,

Datsun 240Z ina heshima yake Nairobi tangu Edgar Herrmann ashinde nayo Safari Rally mwaka 1971, kisha Shekhar Mehta mwaka 1973. Zile chache zilizobaki sasa zinamalizwa na mashine ya kuskimu, yaani kunyoa uso wa hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) hadi unyooke. Injini ikichemka na gasketi (kiziba kilicho chini ya hedi) ikaungua, hedi hukimbizwa Industrial Area au Kirinyaga Road, ikanyolewa upande wa chini na kurudishwa jioni hiyo hiyo. Haipimwi kabla wala baada.

Hedi ya L24, injini ya 240Z, ni ya alumini; bloku (mwili wa injini chini yake) ni ya chuma. Kwa joto lile lile, alumini hupanuka takriban maradufu ya chuma. Injini ikichemka, hedi hutaka kurefuka lakini boliti 14 zimeibana, kwa hiyo hujikunja na kuinuka katikati. Kemshafti (mhimili unaofungua valvu) nayo imekaa juu ya hedi hiyo hiyo, kwenye minara mitano. Ukinyoosha uso wa chini kwa kuukata, wa juu unabaki umepinda, na kemshafti inalazimishwa kuzunguka katika mstari usionyooka. Italika, itakwama, na huenda ikavunjika.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kiko juu. Toa roka zote (vikono vinavyosukuma valvu), zungusha kemshafti kwa mkono. Ikiwa nzito mahali fulani, hedi imepinda, hata kama chini panang'aa kama kioo. Ndipo uweke rula ya chuma ya fundi mitambo (ya shule haifai) kwenye uso wa chini: kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, ukipitisha fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake. Zaidi ya milimita 0.1 ni kasoro. Pima pia kimo; hedi ya asili ina takriban milimita 108, na nyingi zilizoko mjini zilishapungua zamani.

Iliyopinda hunyooshwa kwanza. Hufungwa kwenye bamba nene la chuma, shimu (vipande vyembamba vya chuma) zikiwekwa chini ya ncha zake mbili, boliti za katikati zikaivuta chini. Huingizwa kwenye tanuri kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 200 na kitu, kisha huachwa ipoe polepole humo humo. Kuimwagia maji ili mteja asisubiri ni kuipinda upya. Kama njia za maji zimeliwa na kutu nyeupe, huchomelewa kwa argoni kabla ya kuskimu, kamwe si baada. Na ipimwe ufa kwa presha ya hewa ndani ya maji ya moto. Nyufa nyingi kati ya viti vya valvu hazijitokezi hedi ikiwa baridi.

Kukata kuna gharama nyingine. Hedi ikishuka, cheni ya taimingi hulegea na kemshafti huchelewa. Sproketi (gurudumu lenye meno) ya kemshafti ina matundu matatu kwa ajili hiyo: kuhama kutoka tundu la 1 hadi la 2 huiwahisha kemshafti kwa nyuzi 4 za krankshafti (mhimili mkuu wa injini). Ikikatwa sana, minara iwekewe shimu za unene ule ule uliokatwa, pamoja na pedi nene zaidi za valvu (zinazokaa kati ya roka na valvu).

Katika kufungua, makosa ni yale yale. Injini ipoe kabisa, ikiwezekana ilale usiku mzima. Kabla ya kutoa sproketi, weka alama ya rangi kwenye cheni na usukume kabari ya mbao katikati ya cheni, la sivyo tenshona (kifaa cha kukaza cheni) itachomoka na itabidi ufungue kava yote ya mbele. Legeza boliti kwa zamu, kutoka ncha kuelekea katikati. Kuna boliti mbili ndogo mbele zinazoshika kava ya cheni. Wengi huzisahau, wakaitia hedi mtaimbo hadi alumini ikapasuka. Ikitoka, usiilaze kifudifudi: valvu zilizo wazi hutokeza nje na hupinda.

Wakati wa kufunga, kausha matundu ya boliti kwenye bloku. Mafuta au maji yakibaki humo, boliti huyasukuma na kupasua bloku. Gasketi iwekwe kavu, bila silikoni. Kaza kwa spana ya torki, inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm (nyutoni-mita), kutoka katikati kwenda nje, kwa raundi tatu: Nm 40, 60, kisha karibu 80. Nafasi ya valvu (kati ya kemshafti na roka) injini ikiwa baridi ni milimita 0.20 kwa za kuingiza na 0.25 kwa za kutolea moshi.

Tunaomba wenye karakana wampe mteja karatasi yenye namba tatu: kimo kabla, kimo baada, na mpindo wa uso wa juu. Mwenye gari naye asilipe bila hiyo karatasi. Kisha abadilishe kifuniko cha rejeta. Kwenye mwinuko wa Nairobi maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo kifuniko kilichochoka kinatosha kuunguza gasketi mpya kwenye foleni ya Mombasa Road.

Mafundi wa injini za kale,
Nairobi