Risala ya Watafiti na Wanafunzi wa Taasisi ya Utafiti wa Uchumi, Kyiv, kwa Mgeni Rasmi kutoka Nairobi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi wetu, wahadhiri na wageni waalikwa,

Karibu Kyiv. Tangu Februari 2022 ndege za abiria hazitui Ukraine, nawe umekubali kuja kwa treni ya usiku kutoka Poland. Umetuheshimu sana, ndiyo maana tumeona vema risala hii isomwe kwa lugha ya kwenu.

Historia yetu ni fupi. Nchi hii ilipojitawala 1991, wachumi wake walikuwa wamefundishwa kupanga mgawo, siyo kusoma soko. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulipita asilimia 10,000. Sarafu ya hryvnia ilipoingia 1996, waasisi wetu walikuwa wakifundisha katika vyumba vya kuazima. Kielelezo cha kufundisha wachumi wapya kilitoka kwenu: AERC, muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika ulioanzishwa Nairobi 1988, uliigwa huku. Hukuja ugenini, Mheshimiwa.

Tangu hapo tumepiga hatua kubwa. Wahitimu wetu wako Benki Kuu na Wizara ya Fedha, na tunathubutu kusema hakuna bajeti ya taifa inayofika bungeni bila mkono wa mtu wetu. Maktaba imepata rafu mpya. Intaneti sasa inafika ghorofa ya tatu.

Tunataka kukua zaidi. Tunakusudia kuanzisha shahada ya uzamivu, vijana wasilazimike kuifuata nje na kubaki hukohuko, pamoja na idara ya bei za nafaka. Ngano yetu ilipokwama katika bandari ya Odesa mwaka 2022, wapika chapati wa Mombasa waliumia pamoja nasi. Utafiti huo ni wetu sote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yote hayo yanazuiwa na kitu kimoja: handaki la kujikinga na mabomu. Wakati huu wa vita, chuo hakiruhusiwi kuita darasani watu wengi kuliko wanaoenea katika handaki lake. Letu ni stoo ya zamani ya makaa, haimezi hata nusu ya wanafunzi tulio nao. Waliobaki husomea nyumbani, na umeme ukikatika somo limekatika. King'ora kikilia, mwalimu wa takwimu hushuka na chaki yake na kuendelea kuandika milinganyo kwenye ukuta wa zege, wanafunzi wakiwa wamekaa kwenye ngazi, kompyuta magotini, makoti mwilini. Pampu ikizimika, maji hupanda hadi ngazi ya kwanza. Tutadahili vipi mwanafunzi mpya ambaye hatuna pa kumficha?

Ombi hili si geni. Limesomwa mbele ya wageni waliokutangulia, wote waungwana. Mmoja alishuka stoo, akapigwa picha, akasema fedha zitatoka kabla ya baridi. Baridi imekuja na kupita. Mwingine alituma wapimaji, wakachora alama nyekundu ukutani; alama zipo hadi leo, ukipenda tutakuonyesha. Tunawashukuru kwa kututembelea.

Kwako tunaomba mambo matatu: handaki la kutosha wanafunzi wote, jenereta ya kuendesha taa na pampu, na mwezi wa kuanza ujenzi utajwe leo ukumbini, uandikwe, utiwe saini. Hilo la tatu ndilo tunalolisisitiza, kwa heshima zote. Michoro iko tayari, na Katibu wetu amekaa nayo safu ya mbele.

Tunaomba kuwasilisha.