Kwa vijana wa bonde la Msimbazi: kazi yenu ni kubwa kuliko cheti

Wanangu wa Hananasif, Mkwajuni, Kigogo, Tandale na mitaa mingine inayopakana na mto,

Asalaam aleikum, na wale wa Bwana Yesu asifiwe nawasalimu vilevile.

Maneno yaliyofuata baada ya hafla ya juzi, ile ya kuwapongeza ninyi mnaojitolea kuzibua mitaro na kuwaonya majirani kabla ya mafuriko, yamenifikia. Mliitwa, mkapigwa picha, mkakabidhiwa vyeti na fulana, na kesho yake baadhi yenu mkaapa kwamba chepe hamlishiki tena. Mmoja wenu alikuja barazani akaniambia, "Mzee, hawa wanatukumbuka siku ya picha tu." Sikumjibu palepale, maana jambo hilo linataka maneno marefu na linawahusu wengi. Ndiyo nimeandika.

Nianze na shukrani, kwa sababu sijui kama kuna mtu aliyewashukuru kwa kutaja mlichokifanya hasa. Masika yaliyopita mlizibua mtaro kabla mvua haijaanza. Wengine wote tumezoea kukumbuka mtaro maji yakiwa magotini. Mlitoa chupa, nepi, magodoro yaliyooza na mchanga wa miaka mingi. Mlipita nyumba kwa nyumba mkiuliza nani ni mgonjwa, nani hawezi kutembea, nani amejifungua, na ufunguo wa jirani aliyesafiri anao nani. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotoa tahadhari ya rangi ya machungwa, hamkuishia kuisambaza kwenye simu. Mlikwenda kwa imamu na kwa mchungaji, ikatangazwa kwa lugha ambayo bibi wa miaka themanini anaielewa: leo usilale chini, peleka vyeti vya watoto na dawa kwa jirani wa juu. Maji yalikuja, yakaingia ndani, yakaharibu vitu. Lakini mtaani kwetu hatukuzika mtu kwa sababu yake.

Shida ya kazi ya namna hii ni kwamba ikifaulu haionekani. Anayeopolewa majini anapigwa picha, na aliyemwopoa anaitwa shujaa, naye anastahili. Lakini mama aliyeondoka saa tatu kabla, kwa sababu binti mmoja wa kikundi chenu alimgongea mlango, hana picha wala habari. Yeye mwenyewe huenda akasema, "Kumbe hata nisingehama." Ndiyo maana msishangae mkiona shukrani ni chache. Watu wanashukuru walichokiona.

Wengi wenu mlikuwa wadogo Desemba 2011. Ile mvua ya wiki ya Krismasi, ambayo wataalamu walisema haijawahi kunyesha ya kiasi hicho Dar es Salaam tangu mwaka 1954, iliua watu zaidi ya 40 jijini. Watu walikaa juu ya mabati wakisubiri helikopta. Serikali iliwapeleka waliopoteza makazi Mabwepande na kuwapa viwanja. Baadhi walibaki huko, wengine walirudi bondeni, kwa kuwa mtu anayebeba mizigo Kariakoo hawezi kuishi Mabwepande akalipa nauli kila siku akabaki na kitu. Wanaowauliza kwa ukali kwa nini mnakaa mabondeni waelezeni hilo kwa upole. Kisha rudini kwenye kazi.

Kabla hamjadai kutambuliwa, watambueni waliotangulia. Hapa Hananasif, miaka ya 1990, wakazi waliunda chama chao na kujenga mifereji na barabara za ndani kwa mikono yao, wanawake kwa wanaume, wakisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani na wataalamu wa chuo cha ardhi. Walichanga fedha, walikubali uzio urudi nyuma ili mfereji upite, na wakazi walipata ujira kwa kazi iliyofanyika kwao wenyewe. Ilikuwa habari ya kujivunia, wageni walikuja kutoka nchi za mbali kuitazama. Leo kijana anaruka mfereji uleule akidhani ulijengwa na jiji. Si kosa lake, hakuna aliyemwambia. Katika waliochimba, wengine wamekufa, wengine wamehama, na wachache waliobaki ni wazee mnaowapita barazani bila kuwauliza chochote. Waulizeni mfereji upi ulikuwa na kina gani, maji yalikuwa yanaelekea wapi kabla nyumba fulani haijajengwa, na usafi ulianza kulegea lini, kwa sababu gani. Kujenga kulikuwa na wafadhili na sherehe. Kuzibua kila mwezi, miaka ishirini mfululizo, hakukuwa na mfadhili. Hapo ndipo juhudi nyingi za mitaa hufia, na yenu nayo inaweza kufia hapohapo.

Kuna jambo la pili la kujifunza, na hili ni la juzi tu. Mwaka 2015 ulipoanza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walipita mitaa hii na simu zao wakichora nyumba, vichochoro na mitaro ambayo haikuwa kwenye ramani yoyote. Lakini mitaro hiyo walionyeshwa na nani? Na nani aliyewaambia kwamba mwaka ule maji yalifika kwenye dirisha, na mwaka mwingine kwenye ngazi ya pili? Ni wakazi. Ujuzi huo ulikuwepo siku zote vichwani mwa akina mama wanaouza vitumbua karibu na mto. Ulipoandikwa ndipo wakubwa walipoanza kuuita taarifa na kuupangia fedha. Ramani ile ipo hadi leo, mtu yeyote anaweza kuifungua bure.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa, wanangu, ni huu: andikeni. Nunueni daftari kubwa lenye jalada gumu. Andikeni tarehe mliyozibua mtaro, kutoka wapi hadi wapi, watu wangapi, mlitoa maguta mangapi ya taka. Andikeni siku tahadhari ilipotoka, nani aligongewa mlango, nani alihama na alikwenda kwa nani. Wekeni alama ya rangi ukutani kila maji yanapofika, na tarehe yake. Na andikeni hasa siku ambayo hakuna aliyekufa, kwa sababu hiyo ndiyo siku ambayo hakuna mwingine atakayeiandika. Mkienda kwa mtendaji na malalamiko, atawasikiliza kwa heshima na kuwasahau. Mkienda na daftari la misimu mitatu, kila ukurasa una tarehe, itakuwa vigumu kuwafukuza.

Na mkienda, msiende kuomba cheti kingine. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kuwe na kamati za usimamizi wa maafa kuanzia taifa mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Ulizeni kamati ya mtaa wetu ina akina nani na hukutana lini. Ombeni viti ndani yake, kimoja kiwe cha msichana. Ulizeni katika bajeti ya kata mwaka huu ni kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya mitaro. Halmashauri zinapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kukopa, kikanunua guta, kikakusanya taka za mtaa kwa malipo na mtaro ukabaki safi. Kutambuliwa ninakokujua mimi ni huko: kuwa na kiti na sauti, na fungu lenye jina la kazi yenu.

Hapa niseme na upande wa pili wasikie. Kuna watu wanaopenda sana neno kujitolea, na wakilitamka wana maana ya kibarua cha bure. Kijana anayeingia kwenye mtaro wa maji machafu bila gambuti wala glavu, akatoka na kidonda kinachooza mguu, hajatendewa haki na mtu yeyote. Nchi ya Bangladesh, baada ya kimbunga cha mwaka 1970 kilichoua watu wasiopungua laki tatu, serikali na shirika la Msalaba Mwekundu, ambalo leo huko huitwa Hilali Nyekundu, walianzisha mpango wa watu wa kujitolea vijijini. Leo ni zaidi ya 70,000, karibu nusu wakiwa wanawake. Hawalipwi mshahara. Lakini wana mafunzo, redio, vipaza sauti, buti na bendera za ishara, na serikali inawahesabu kuwa sehemu ya mfumo wake. Kimbunga cha Amphan kilipokuja mwaka 2020, watu zaidi ya milioni mbili walihamishwa kwa wakati, na waliokufa nchini humo hawakufika mia. Kujitolea kwao kumewekewa vifaa. Nanyi dai hilo lisemeni bila aibu.

Yapo pia ya kuwaambia nyinyi wenyewe. Katika picha ya hafla sikuwaona wale wanaookota chupa, ingawa bila wao mtaro ungeziba mara mbili ya hivi. Sikumwona mjumbe wetu wa shina, mama anayejua kila nyumba ina watoto wangapi. Sikumwona mama lishe aliyepika uji wa waliolala shuleni, kwa unga wake. Mkilalamika kwamba wakubwa hawawatambui, nanyi muwatambue hawa kwa majina, mbele ya watu. Na lipo la aibu ambalo vikundi vingi hulikwepa: kutapisha vyoo mvua inaponyesha. Mtu anatoboa choo chake ili maji ya mafuriko yachukue uchafu, na baada ya wiki mtoto wa jirani ana kipindupindu. Ninyi mnawajua. Wengine ni baba zenu. Mkilinyamazia hilo, nusu ya kazi yenu ya masika inapotea.

Sasa bonde lenyewe linabadilika. Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopitishiwa mkopo wa dola milioni 200 za Benki ya Dunia mwaka 2022, umeshawalipa fidia wengi na wamehama. Sina ugomvi na mradi, barabara ya Jangwani haiwezi kuendelea kufungwa kila mvua kubwa inaponyesha. Ila anayehama anaondoka na kumbukumbu zake, na huko aendako, pengine karibu na mto mwingine, hakuna anayejua kwamba yeye ni mtu aliyewahi kuhamisha majirani saa nane za usiku. Wapigieni simu. Waulizeni kabla hawajasahau, na waambieni waanze kikundi huko.

Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 13 Oktoba kuwa siku ya kupunguza athari za maafa. Tarehe hiyohiyo mwaka 2020, mvua ya siku moja iliua watu hapahapa Dar es Salaam. Naomba mwaka huu msisubiri mwaliko wa hafla. Siku hiyo tembeeni mtaro wote, kutoka juu hadi unapoingia mtoni, mkiwa na daftari, kwa sababu vuli inakuwa imeshabisha hodi.

Mimi na wazee wenzangu watatu, mmoja wao ni mama aliyebeba zege la mifereji ile ya kwanza, tutakuwa barazani kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Njooni wawili wawili, mje na kalamu. Daftari la kwanza tumeshachanga fedha, lipo kwa mjumbe.

Mzee wenu,
Hananasif, Kinondoni