Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, viongozi wa kata na kijiji, wazazi wetu, walimu na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima hata tukakutana siku ya leo. Tunakushukuru na wewe binafsi kwa kuacha majukumu yako mengi ukaja kwetu kwa barabara hii ya Amani, ambayo tunaamini imeshakusalimu kabla yetu. Barabara hiyo nayo ilikuwemo katika risala zilizopita. Leo tumeiondoa makusudi, ili ombi libaki moja na lisipotee njiani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuhusu historia hatutakuchosha. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti hapa Amani mwaka 1902, magogo yakavunwa katika misitu ya Usambara Mashariki hadi miaka ya 1980, na mwaka 1997 ikaanzishwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Klabu yetu ilikuja baadaye, ikaanza na mwalimu mmoja wa Baiolojia na wanafunzi waliokuwa wanakwepa zamu ya usafi.

Mafanikio ni mengi. Tumeanzisha kitalu cha miche ya asili, ambacho sasa ni tegemeo la ukanda mzima. Kwaya yetu ilishika nafasi ya pili katika shindano la nyimbo za mazingira ngazi ya kata, ambalo shule tatu zilithibitisha kushiriki na mbili zikafika. Aidha, tulitundika masanduku ya mbao juu ya miti ili ndege aina ya hondohondo wapate pa kutagia. Hondohondo hawakuja, ila nyuki waliingia. Kwa hiyo tunayo furaha kukuarifu kwamba klabu ina mradi wa ufugaji nyuki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba uturuhusu tufike kwenye jambo lenyewe.

Katika msitu huu mti haufi siku unapokauka. Tawi likivunjika, maji yakaingia na moyo wa mti ukaoza, ndipo wapangaji wanapoanza kuhamia. Kigogota hujitobolea mwenyewe, na akihama nyumba huchukuliwa na wengine. Komba hulala humo mchana kutwa. Popo nao wamo. Yumo perere pia, yaani pimbi wa mitini, ambaye ukelele wake wa usiku ulikaribia kumfanya mwalimu mmoja mgeni aombe uhamisho wiki yake ya kwanza. Hata mwanzi uliopasuka ukatuamisha maji hutosha kwa chura mdogo wa milima hii kutaga mayai.

Hondohondo ana shida kuliko wote, kwa sababu mdomo ule mkubwa hauwezi kuchonga tundu. Lazima alikute tayari, tena pana, katika mti mkubwa mzee. Jike akishaingia, mlango huzibwa kwa udongo anaoletewa na dume, ukabaki ufa mwembamba tu. Humo hutaga, huatamia na kulea, na kwa miezi mitatu hivi au zaidi hula matunda anayopenyezewa na dume kwenye ufa huo. Dume akikosa kurudi, au mti ukiangushwa, kiota chote kimo hatarini.

Mheshimiwa, hapo mezani mbele yako kuna kipande cha gogo. Tafadhali kitazame. Mpishi wetu alikuwa anapasua kuni za makande, shoka likafungua uwazi wenye ukuta wa udongo mkavu uliokandikwa vizuri, una ufa wa kupitisha vidole viwili, na ndani manyoya meusi yameshikamana na mbegu. Alituita tukaone. Makande yaliungua siku hiyo na hakuna aliyelalamika.

Kuni hizo tumezinunua sisi, kwa michango ya wazazi. Zikipungua, kila mwanafunzi huja na mzigo wake Jumatatu. Na kila mtu hapa anajua kuni nzuri ni ipi: mti mkavu uliosimama, usio na moshi mwingi, ambao hakuna anayeuhesabu kuwa ni mti. Kwa hiyo klabu hii inapanda miche asubuhi na kula nyumba za ndege mchana. Mche tuliopanda mwaka huu hautakuwa na tundu sisi tukiwa hai.

Serikali ilikwishaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034. Tunaunga mkono kwa dhati. Tunachokosa ni jiko.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, ombi hili si geni. Mgeni rasmi mmoja alilipokea kwa mikono miwili na kusema amelibeba. Aliyemfuata aliweka jiwe la msingi la jiko la gesi, nasi tukampigia vigelegele na kumvisha vazi. Jiwe lipo nyuma ya bwalo, na mbuzi wa kijiji wamelizoea. Baadaye alikuja fundi, akapima kwa futikamba, akala, akaondoka. Hatumlaumu mtu. Tunafahamu kwamba majukumu ni mengi.

Tunaomba majiko mawili makubwa ya gesi, mitungi ya kilo 38, sufuria zake na kibanda chenye kufuli. Makisio yameambatishwa, na nakala ya ziada anayo dereva wako. Wazazi wamekubaliana katika mkutano kwamba fedha ya kuni itajaza mitungi, hivyo hatutakusumbua tena kwa hilo. Wakazi wa Tanga mjini wanaokunywa maji ya Mto Zigi unaotoka kwenye milima hii nao watanufaika, hata kama hawajaalikwa.

Ahadi tunazo za kutosha, Mheshimiwa. Leo tunaomba tarehe, itajwe hapa hapa, na katibu wetu ana kalamu mkononi.

Tunaomba radhi kwa moshi unaotoka upande wa jikoni. Ni chakula chako.

Tunaomba kuwasilisha.