Yohana 8:32 isisomwe bila mstari wa 31

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mahubiri ya "kufunguliwa", yaani kuwekwa huru na laana na vifungo kwa maombezi, yanayosikika kila wiki redioni na kwenye viwanja vya mikutano. Mstari unaotajwa sana humo ni Yohana 8:32: "mtaifahamu kweli, nayo hiyo kweli itawaweka huru." Unasomwa nusu. Sentensi inaanzia mstari wa 31, "Ninyi mkikaa katika neno langu, mmekuwa wanafunzi wangu kweli kweli", na kukaa huko ndiko sharti la uhuru wenyewe. Mtu anayehudhuria mkesha, akaombewa mpaka akaanguka, kisha asifungue Biblia mpaka mkesha mwingine, bado hajakaa.

Isomwe sura yote. Yohana anasema walioambiwa maneno hayo ni Wayahudi waliomwamini Yesu. Wao wakajibu kwa kutaja ukoo: sisi ni uzao wa Ibrahimu, hatujawa watumwa wa mtu. Yesu akawaambia kila atendaye dhambi ni mtumwa wa dhambi, na kwamba mtumwa hakai nyumbani sikuzote, mwana ndiye anayekaa. Ukifika mstari wa 59 mazungumzo yaleyale yameishia kwenye kuokota mawe. Walishindwa kuachia ukoo kama jibu la swali la wao ni nani.

Siku hizi ukoo umerudi madhabahuni kwa sura nyingine. Muumini aliyebatizwa anaambiwa kwamba hajaolewa au biashara haijasimama kwa sababu ya tambiko la babu yake, na kwamba kamba hiyo itakatwa kwa sadaka maalumu. Andiko linalotumika ni Kutoka 20:5, Mungu kupatiliza wana maovu ya baba zao "hata kizazi cha tatu na cha nne". Msikilize mhubiri anapoishia. Mstari unaendelea: "cha wanichukiao", na wa 6 unataja rehema kwa maelfu elfu wampendao. Wakati wa uhamisho Waisraeli nao walisema baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi. Ezekieli 18 nzima ni jibu la Mungu kwa methali hiyo, na mstari wa 20 unamaliza ubishi: "mwana hatauchukua uovu wa baba yake." Kwa aliye ndani ya Kristo, Wagalatia 4:7 inasema "wewe si mtumwa tena bali u mwana". Kumwambia mtu huyo alipie kufunguliwa ni kumrudisha chini ya kongwa.

Mafuta ya upako, yanayouzwa kwenye mikutano hiyo, yamo kwenye Biblia, sikatai. Lakini angalieni Yakobo 5:14 inavyopanga: mgonjwa anaita, wazee wa kanisa wanamwendea, wanamwombea, wanampaka. Hakuna foleni wala bei ya chupa. Nabii Elisha alikataa zawadi za Naamani, mkuu wa jeshi aliyeponywa ukoma, aliyekuja na talanta kumi za fedha. Gehazi, mtumishi wa Elisha, alipomkimbilia Naamani akachukua mbili pamoja na mavazi, ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwenye msongamano waumini walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Huko Shakahola, Kenya, imefukuliwa miili ya zaidi ya watu 400 tangu 2023, wengi wakiwa wamefunga kula mpaka kufa. Mafundisho yasiyopimwa yanaua.

Namna ya kuyapima si ngumu. Kusanyeni watu wanane hadi kumi, saa moja kwa wiki, mwanzie Injili ya Yohana. Ina sura 21, lakini msilazimishe sura moja kila wiki, maana ya 6 pekee ina mistari 71. Ya 8 igaweni mara mbili, na kikao cha pili kianzie mstari wa 31. Mmoja asome kwa sauti fungu zima bila kukatizwa. Kisha ulizeni: nani anasema, anamwambia nani, nini kimetangulia, nini kinafuata? Hapo ndipo mstari uliokatwa unajionyesha. Vikundi hivi hufa kwa sababu mbili hasa. Kiongozi anageuza kikao kuwa mahubiri, wengine wakabaki kuitikia "amina", au watu wanarukia mistari waliyotumiwa kwenye WhatsApp kabla fungu halijaisha. Kiongozi azungumze mwisho, tena kwa kifupi. Na swali lisilo na jibu lipelekwe kwa mchungaji wiki hiyohiyo. Waberoya, Wayahudi wa mji wa Beroya, walimpima hata Paulo kwa Maandiko kila siku, na Matendo 17:11 inawasifu kwa hilo.

Kwa wachungaji nina ombi moja. Yesu aliwaambia wakoma kumi waende wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa torati ndio waliokuwa na kazi ya kuchunguza ukoma. Basi kabla ya kuwaombea wagonjwa, tangazeni wazi kwamba mwenye dawa za ARV, kisukari, presha au kifafa asiache hata kidonge kimoja, na anayejiona amepona aende hospitali akapimwe, daktari ndiye aamue.

Mwalimu wa Biblia,
Dodoma