Ufunguo namba 15

Lubumbashi, 7 Desemba 2025

Yaya Pampu, mkubwa wangu,

Jambo sana. Watoto wazima? Huku tuko salama, mvua inatunyeshea kila mchana na bowa (uyoga) zimeanza kuuzwa kando ya barabara. Nisikuzungushe: ufunguo namba 15, ile spana ya pedali ya kundi letu la baiskeli, uko wapi? Tangu uhamie Likasi tumepekua kila mfuko. Uliacha pampu, ambayo ni mbovu, ukaondoka na ufunguo, ambao ni mzima. Kadogo anasema huko siyo kusahau, ni kuchagua.

Jana tulitoka na kinga, baiskeli zetu, saa 12 asubuhi, upande wa Kasenga, wanne tu: Mama Kiongozi, Profesa, Kadogo na mimi. Profesa alikuwa amejaza matairi mpaka yanalia ukiyapiga kidole. Kwenye lami alituacha mbali, tena akigeuka nyuma kutufundisha. Tulipoingia njia ya vijiji, ile ya udongo mwekundu, akaanza kurukaruka juu ya kiti kama bisi kwenye sufuria. Miwani ilimwanguka mara mbili.

Mbele kidogo tukamkuta muzee wa makala, msafirishaji wa makaa ya kupikia. Unawajua, tumewapita miaka yote, salamu ya mkono na vumbi letu tunawaachia. Huyu alikuwa na magunia manne, kinga imeegemezwa kwenye mti wa panda, gurudumu la nyuma limepata pancha. Tukasimama tumsaidie. Yaya, ni yeye aliyetusaidia sisi.

Kadogo alikimbilia dimbwi atumbukize mpira wa ndani atafute mapovu. Maji yale ni uji wa matope, utaona povu gani? Muzee akacheka, akaujaza mpira upepo kidogo, akaupitisha taratibu karibu na midomo yake. Pumzi ikamgusa: hapa. Kiraka kikakaa kabla Kadogo hajamaliza kufuta magoti. Kisha akatuonyesha kinga yake. Uma wa mbele umechomelewa nondo kila upande. Kwenye usukani kuna fimbo ndefu, ya kuuongoza akiwa anasukuma kwa miguu. Breki hana, breki ni soli ya kiatu. Na kila kitu kimefungwa kwa utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani uliochakaa, umevutwa mpaka unakuwa mgumu kama chuma.

Kadogo akaushika ule utepe, nikajua tu: Kigali tena! Unakumbuka tulivyobanana kwenye simu moja mwezi wa 9, siku ya mashindano ya dunia ya baiskeli? Kilomita 267.5, waliomaliza ni 30, Pogačar akashinda. Evenepoel wa Ubelgiji kiti kilimshuka, akabadilisha baiskeli mara mbili, akaishia wa pili. Kadogo bado anaapa kwamba kwa nusu mita ya utepe huu Mbelgiji angevaa dhahabu. Sasa amepata shahidi mwenye magunia manne, hatutapumua.

Muzee akalibonyeza tairi la Profesa kwa dole gumba. “Mwalimu, hili ni jiwe. Mimi najaza hivi kwa sababu ya mzigo. Wewe unabeba kalamu tu.” Mama Kiongozi alicheka mpaka akakaa chini. Tukapunguza upepo, na njia yote ya kurudi Profesa akatueleza kwa nini tairi laini linameza mawe, kana kwamba amelivumbua yeye usiku ule. Kisha akatupeleka Belfast, 1888, kwa daktari wa mifugo Dunlop aliyemtengenezea mtoto wake matairi ya upepo, halafu akaturudisha hapa kwetu, misitu ya Kongo wakati wa Leopold, watu wakikatwa mikono kwa ajili ya mpira. Tukanyamaza kidogo. Mama Kiongozi ndiye aliyesema: “Kwa hiyo walichukua mpira, wakaturudishia viraka.”

Lakini kesi yako ni nyingine. Karibu na nyumbani pedali ya kushoto ya Mama ililegea tena. Unaikumbuka, ile “uliyoikaza” siku ya Kipushi, ikaanguka kabla hatujafika? Muzee alikuwa ameigusa akatikisa kichwa: uzi wa pedali ya kushoto umegeuzwa, ili isijifungue unapokanyaga. Kuikaza unazungusha kushoto. Wewe uliivuta kulia kwa nguvu zako zote, ukitutukana kwamba hatuna misuli. Ulikuwa unaifungua, Yaya.

Sasa imefungwa kwa utepe, Kadogo anajivuna, Mama hajafurahi. Kabla ya Noeli tunakuja Likasi, kilomita 120, tutapumzika njiani, Lwisha. Weka munkoyo tayari, kile kinywaji chetu cha mahindi. Tumesikia kwenye vilima vyenu hupandi kinga, kinga inakupanda wewe begani, tutaona. Mama Kiongozi anasema ufunguo ataupokea yeye mwenyewe, mkononi mwako, mbele ya shemeji.

Mdogo wako, 
Kiraka